Kabla Hujaweka Chumba Chako Mtandaoni

Mdogo wangu alipohama, chumba chake kilikaa kitupu miezi minne. Kodi ilikuwa ileile, bili ya umeme karibu ileile, na mimi kila asubuhi napita pale mlangoni nikipiga hesabu. Mwezi wa tano nikatandika kitanda, nikafungua pazia, nikapiga picha sita kwa simu na kukitangaza mtandaoni kwa wageni wa muda mfupi. Mgeni wa kwanza alifika Ijumaa hiyohiyo. Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kwa wakala wa mwenye nyumba. Haikuwa ndefu. Ilinukuu kifungu kimoja cha mkataba wangu, kwamba mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine nyumba nzima au sehemu yake bila idhini ya maandishi, ikanipa siku saba niondoe tangazo. Saini iliyokuwa mwisho wa mkataba ule ilikuwa yangu.

Niliondoa siku ileile, yakaisha. Wapo ambao hayakuisha. Kwa hiyo kama unasoma hapa kwa haraka, basi chukua hili tu: picha ndiyo hatua ya mwisho, na sisi wengi tunaanza nayo.

Hatua ya kwanza ni kujua nyumba ni ya nani. Wengi wetu ughaibuni ni wapangaji, na idhini ya mwenye nyumba huombwa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Barua pepe inatosha. Ile "sawa tu, hamna shida" ya kwenye simu haitakusaidia siku jirani atakapolalamika. Mwambie wazi unataka kumpokea nani, kwa siku ngapi, na kwamba wewe mwenyewe utakuwepo. Wangu mwishowe alikubali, kwa sharti la mgeni mmoja kwa wakati mmoja. Uliyenunua nawe usijione huru sana: mkopo wa nyumba una masharti yake, na ukiwa kwenye fleti kuna mkataba wa jengo zima ambao mara nyingi unakataza wageni wa kuja na kuondoka.

Wapangaji wa nyumba za halmashauri, yaani za serikali za mitaa, Uingereza, hapa mnisikilize vizuri. Sheria ya mwaka 2013 ilifanya kuwa kosa la jinai kuhama nyumba ya aina hiyo na kumpangisha mtu mwingine huku ukijua mkataba haukuruhusu. Huwa naisikia hadithi hii hii: mtu anasafiri miezi kadhaa, anamwachia "rafiki" nyumba, rafiki analipa kila wiki. Unaweza kupoteza nyumba na kuburuzwa mahakamani juu yake.

Baada ya mwenye nyumba, zamu ya mji. London inaruhusu nyumba kupangishwa kwa muda mfupi hadi usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Paris ilikuwa 120 kwa makazi yako makuu, na tangu Januari 2025 ni 90, namba ya usajili ikionekana kwenye tangazo. New York ndiyo kali kuliko zote ninazozijua. Tangu Septemba 2023, anayempokea mgeni kwa chini ya siku 30 ni lazima awe amesajiliwa na jiji, awe anakaa humo ndani na mgeni wake, wageni wasizidi wawili, na milango ya vyumba vya ndani isifungwe kwa ufunguo kuwazuia. Toronto inakubali nyumba unayoishi mwenyewe tu. Scotland inadai leseni hata kwa mwenye chumba kimoja cha ziada ndani ya nyumba yake. Barcelona nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii zikimalizika Novemba 2028 hazitahuishwa.

Ukizisoma sheria hizo kwa pamoja utaona mlengwa mkuu ni yule anayekabidhi nyumba nzima na kwenda zake. Anayebaki jikoni na mgeni wake habanwi sana hivyo. Ndiyo sababu mimi hupendekeza kuanza na chumba, si nyumba.

Halafu visa. Visa ya mwanafunzi ya Uingereza, kwa mfano, hairuhusu kujiajiri, na machoni pa uhamiaji kupokea kodi ya chumba si sawa na kuendesha biashara ya wageni, kufua, kupika kifungua kinywa na kutangaza. Kama ukaazi wako una sharti lolote kuhusu kazi, mwulize mwanasheria wa uhamiaji. Usiulize kundi la WhatsApp. Na kama unapokea msaada wowote wa serikali wa nyumba au matumizi, toa taarifa ya kipato hicho kabla hawajakiona wenyewe.

Kiswahili kimetuletea utani hapa: tumeita kodi ile tunayopokea kwa mpangaji, na kodi ile tunayotoa kwa serikali. Mtu anasema "nimelipwa kodi" na masikioni mwake neno limeshatulia, hakumbuki kuna nyingine inayomsubiri. Uingereza ina mpango unaomruhusu mtu kupata hadi pauni 7,500 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato, mradi chumba kina samani na kiko ndani ya nyumba anayoishi. Mkigawana mapato hayo wawili, kila mmoja anapata nusu ya kiwango. Kiasi hicho ni cha makusanyo yote kabla ya kutoa gharama, kitu ambacho watu hukosea. Marekani, ukipangisha nyumba unayoishi kwa siku zisizofika 15 katika mwaka, mapato hayo si lazima hata uyaripoti kwa mamlaka ya kodi ya taifa. Ikifika siku ya 15, hesabu inabadilika, kwa hiyo weka daftari la tarehe. Wala usidhani hakuna anayejua. Majukwaa ya kupangisha yanawajibika kupeleka taarifa za mapato ya wenyeji, yaani wanaopokea wageni, kwa mamlaka za kodi, Umoja wa Ulaya tangu 2023 na Uingereza tangu 2024.

Bima ya kawaida ya nyumba huandikwa kwa ajili ya familia inayoishi humo. Mgeni anayelipa akiunguza jiko, kampuni inaweza kukataa kulipa kwa sababu hukuwaambia. Wapigie, waulize, pata jibu lililoandikwa. Airbnb, jukwaa la kupangisha vyumba na nyumba kwa wageni, wana ulinzi wao kwa wenyeji, hadi dola milioni 3 kwa uharibifu, lakini wenyewe wanasema ulinzi huo si bima, na dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Bila picha za kabla na baada huna dai. Mimi hupiga picha nne kila mara: godoro likiwa wazi, meza, zulia, bafu. Dakika mbili.

Sasa chumba chenyewe, na hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea.

Shuka ziwe seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja kabatini. Mwenye mbili atakuja kukuta moja bado mbichi kwenye kamba na mgeni yuko stesheni. Nunua nyeupe. Nilianza na za maua nikidhani zinaficha madoa, kumbe mgeni huitilia shaka shuka inayoficha kitu. Nyeupe unaziloweka, unazitia dawa ya kung'arisha, habari imekwisha. Chini yake weka kinga ya godoro isiyopitisha maji, maana shuka hununuliwa tena lakini godoro lenye alama haliuziki kwa mgeni mwingine. Kisha piga magoti bafuni utazame tundu la kutolea maji. Nywele moja ya mtu aliyetangulia imenishushia nyota kuliko kelele za barabara nzima. Kengele ya moshi ijaribiwe kwa kubonyeza, si kwa kuitazama, na penye boila au jiko la gesi pawe na king'amuzi cha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini.

Mgeni wa usiku wa manane ni mtihani wake peke yake. Kisanduku cha funguo chenye namba kitakuokoa usikeshe, ila badilisha namba kila anapoondoka mtu. Maelekezo ya kufika yaandike wewe mwenyewe kwa kutembea: toka stesheni, hesabu taa za barabarani, taja rangi ya mlango. Ramani ya simu itampeleka mpaka mtaani, halafu imwache gizani akisukuma geti la jirani.

Katika picha onyesha na ubaya. Ngazi zangu ni nyembamba, na picha yake ni ya tatu kwenye tangazo. Tangu niiweke, hakuna aliyelalamika kuhusu ngazi. Ambaye hawezi kupandisha sanduku hakuji. Masharti ya nyumba yawe machache na yasomeke: saa ya utulivu, viatu, sigara, wageni wa mgeni. Ukiandika ishirini hatasoma hata moja. Kamera ndani ya nyumba usiweke. Airbnb walizipiga marufuku kabisa kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata za sebuleni, na ya nje lazima utaje iliko. Kuhusu bei, anza chini kidogo ya majirani mpaka upate maoni matano sita mazuri, kisha panda. Ada ya usafi usiifanye kubwa kuliko usiku mmoja wa kulala. Watu hutazama jumla na kufunga ukurasa.

Tukigeuka upande wa pili, siku ambayo wewe ndiye mgeni, kuna jambo tunalolijua ila hatulisemi sana. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walituma maombi kwa wenyeji wa Airbnb katika miji mitano ya Marekani, wasifu uleule, majina tofauti. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa kwa uwezekano pungufu kwa asilimia 16 kuliko wenye majina ya kizungu. Tangu 2018 kampuni hiyo imeficha picha ya mgeni mpaka mwenyeji akubali, lakini jina linabaki jina. Ninachofanya mimi ni kuchagua matangazo yanayokubali moja kwa moja bila mwenyeji kupitisha ombi. Pia kusanya maoni mazuri kwa safari fupi za karibu, ili siku ya safari kubwa wasifu wako usiwe mtupu. Ukikataliwa na tarehe zile zile zikabaki wazi, hifadhi picha ya skrini na uripoti.

Usilipe nje ya jukwaa. Mwenyeji akikwambia "tuhamie WhatsApp nikupunguzie, tuma kwa benki," funga mazungumzo. Pesa ikipita ndani ya jukwaa, Airbnb kwa kawaida humlipa mwenyeji takribani saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, na muda huo ndio kinga yako. Ikitumwa kwa benki imekwenda. Kabla ya kulipa, chukua picha ya sebule iliyo kwenye tangazo uitafute kwenye mtandao; ikitokea kwenye matangazo ya miji mitatu, umeshajua.

Kwa tunaosafiri na pasipoti za kwetu: hata ukiwa mkaazi wa Uingereza, eneo la Schengen, nchi za Ulaya zenye visa moja, bado linataka visa, na ubalozi unataka uthibitisho wa mahali pa kulala. Chagua nyumba inayorudisha pesa yote hadi siku chache kabla ya safari, kwani visa inaweza kuchelewa au kukataliwa. Ukifika Italia usishtuke mwenyeji akiomba pasipoti, sheria inamtaka apeleke taarifa zako polisi ndani ya saa 24. Ushuru wa watalii katika baadhi ya miji hulipwa hapohapo, tena taslimu, na haumo kwenye bei uliyoiona. Kuwa na chenji.

Ukiingia, kabla hata ya kufungua sanduku, zunguka na simu ukirekodi video ya kila chumba. Fungulia maji ya moto. Geuza godoro, angalia mishono ya pembeni kama kuna vidoti vyeusi, maana kunguni hutangulia kuonekana hapo; sanduku lako libaki bafuni mpaka umeridhika. Kukiwa na tatizo, mwandikie mwenyeji ndani ya programu ileile, wala si kwa simu, na kama hatatui, wafikie Airbnb ndani ya saa 72 tangu ulipoligundua. Watu wengi huvumilia bomba la baridi siku nne kwa aibu, kisha wanadai wakiwa uwanja wa ndege.

Siku ya kuondoka rudia ile video. Toa takataka, funga madirisha, rudisha ufunguo ulipoukuta na upige picha kisanduku kikiwa kimefungwa. Una siku 14 za kuandika maoni, na ya mwenyeji huwezi kuyaona mpaka nawe uandike au siku hizo zipite, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja aanze yeye. Andika yaliyotokea: maji yalikuwa ya moto, ngazi ni nyembamba, kitanda kilikuwa kisafi, basi la mwisho linapita saa tano usiku.