Somo: Kubadili kioo cha ubavuni nyuma kwenye pikapu, cha mpira na cha gundi

Wakuu salama? Naona pikapu nyingi tu hapa mjini zinatembea zimezibwa nailoni na solotepu pale ubavuni nyuma ya mlango, mwenyewe ukimuuliza anakwambia fundi kanitajia bei nikaona niache kwanza. Sasa kile kioo ni katika vioo rahisi kubadili kwenye gari, rahisi kuliko cha mbele mara nyingi, ila kina mambo mawili matatu ambayo ukiyaruka utapata kioo kinang'aa na viti vinavyoloa kila masika. Na niseme mapema kabisa, kioo chenyewe sio kazi, kazi ni lile bati linalozunguka tundu. Gari za Dar zinakula chumvi ya bahari mwaka mzima, ukiwa Kigamboni au Msasani ndo usiseme.

Kwanza jua chako ni cha aina gani. Ekstra kebu (zile zenye nafasi ndogo tu nyuma ya siti za mbele) nyingi za zamani kioo kimevaa mpira mnene mweusi mzunguko mzima, ukiubonyeza kwa kidole unabonyea na ukiuvuta unaona mdomo wake umekumbatia bati. Za kisasa zaidi kioo kimegandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bodi, pembezoni kina ukanda mweusi na vidoti vidoti. Dabo kebu, yaani za milango minne, ni habari nyingine, kile kioo kidogo kisichoshuka kiko ndani ya mlango wenyewe, nacho nitakigusa kidogo mbele.

Kununua. Vioo vya ubavuni ni vya kuchemshwa kiwandani vikapozwa ghafla, ndo maana vikivunjika vinamwagika punje punje na havipasuki mstari kama cha mbele, ambacho ni vioo viwili vimebanwa na karatasi ya plastiki katikati. Maana yake kioo cha namna hiyo hakikatwi wala kupunguzwa, akija mtu anakwambia leta tu tutakichonga kitakaa, ondoka, maana ukigusa ukingo wake kwa jiwe la kusagia kinamwagika chote. Kwa hiyo unatafuta cha gari yako hasa. Ukienda Gerezani au Shaurimoyo nenda na kadi ya gari au piga picha ya chasis namba, mwaka na aina ya kebu, na kama kuna kipande cha kioo cha zamani chenye maandishi pale kwenye kona kibebe. Halafu useme KULIA au KUSHOTO kwa kuangalia mbele ukiwa umekaa kwenye siti, usiseme upande wa dereva, kuna spea zinatoka kwenye gari za usukani wa kushoto, unafika nyumbani unakuta umebeba cha upande mwingine na muuzaji anakwambia mkuu si ulisema wa dereva.

Kioo cha mtumba sio dhambi, ila pitisha kucha ukingoni kote. Kikiwa na kibanzi hata kidogo kiache. Mpira wa mtumba ndo sikushauri, mpira ulioliwa na jua miaka 15 umeshakakamaa, ukunje, ukiona nyufa ndogo ndogo kwenye kunjo huo hautazuia maji. Nunua mpya.

Vifaa: glavu nzito, miwani, tepu ya karatasi, brashi, vakyum (ya kuazima pale wanapoosha magari inatosha), bisibisi bapa isiyo kali, kisu chembamba, msasa, praima ya kutu (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi kidogo. Kwa kioo cha mpira ongeza kamba laini ya nailoni ya unene wa milimita 4 hadi 5 na sabuni ya maji. Kwa cha gundi ongeza gundi ya vioo vya magari, ile ya polyurethani kama Sikaflex ya vioo, praima yake na bunduki ya kukamulia. Na mtu wa pili, hii kazi peke yako ni mateso.

Hatua ya kwanza, toa kilichobaki. Kama kioo bado kimesimama ila kina kidonda, kibandike tepu upande wote, ndani na nje, tandika shuka la zamani kwenye viti, ndo ukigonge. Kikishamwagika usianze kufagia na mkono. Sasa hapa watu wengi wanapaharakisha: zile punje zinaingia kwenye nguzo ya bodi nyuma ya mlango, na kwenye ekstra kebu nguzo hiyo mara nyingi ndo yenye roli la mkanda wa siti. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ufute taratibu kwa kitambaa pande zote mbili, uachie urudi, uvute tena. Ukisikia kikwaruzo usiache hivyo hivyo, fungua plastiki ya nguzo na unyonye na vakyum, punje moja inatosha kuula mkanda kidogo kidogo kila unapouvuta, na siku ya kuuhitaji ndo unakatika. Angalia pia chini ya vile viti vya kukunja na kwenye matundu ya kutolea maji, yakiziba na vioo bodi inaoza kwa chini wala hujui.

Hatua ya pili, bati. Chomoa mpira wa zamani, kama umekakamaa ukate tu kwa kisu, hauutaki tena. Utakachokiona pale chini ndo kitakwambia kazi ni ya saa mbili au ya siku mbili. Kawaida kutu inakaa kwenye kona za chini, maji yanatulia pale. Piga msasa mpaka ukute chuma cheupe, paka praima ya kutu, ikauke, paka rangi, ikauke tena. Kukauka kwelikweli, sio kugusa kwa kidole ukasema poa, gundi ikipakwa juu ya rangi mbichi inashika rangi, na rangi haijashika bati. Kama bati limeshatoboka usizibe na pati, peleka kwa mchomeleaji akate aweke kipande.

Hatua ya tatu kwa kioo cha MPIRA. Vesha mpira kwenye kioo mzunguko mzima kwanza ukiwa mezani. Chukua kamba, iingize kwenye ule mfereji wa nje, yaani ule utakaokumbatia bati, izunguke kioo chote, ncha mbili zipishane katikati chini na zibaki zinaning'inia kama shibiri mbili kila moja. Paka sabuni ya maji kwenye mfereji na kwenye bati. Usipake grisi wala oili, mafuta yanavimbisha mpira. Mwenzako asimame nje asimamishe kioo kwenye tundu, ncha za kamba ziingie ndani ya gari kwako. Yeye anasukuma kwa kiganja, wewe unavuta ncha moja kuelekea katikati ya kioo, taratibu, na utaona mdomo wa mpira unapinduka wenyewe unaruka bati sentimita kwa sentimita, raha kuangalia. Ukifika kona mwambie apigepige kwa kiganja hapo hapo. Kamba ikigoma usivute kwa hasira, rudi nyuma kidogo ongeza sabuni. Baadhi ya mipira ina utepe wa katikati wa kuibana, huo unaingia mwisho kabisa.

Hatua ya tatu kwa kioo cha GUNDI. Gundi ya zamani usiikwangue mpaka bati, ipunguze kwa kisu mpaka ibaki milimita 1 au 2, gundi mpya inashika juu ya gundi iliyokatwa freshi kuliko kitu kingine chochote. Safisha kioo pembezoni, paka praima kwenye ule ukanda mweusi, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Jaribu kukiweka kioo kikavu kwanza, weka tepu juu nusu kwenye kioo nusu kwenye bodi, uikate katikati, hizo ndo alama zako. Kisha kamua gundi mkupuo mmoja usiokatika, mrefu kwenda juu kama pembe tatu, weka kioo kwa kufuata alama, bonyeza sawasawa, na ukishikilie na tepu ndefu mpaka kwenye paa maana kitataka kuteleza chini kwa uzito wake. Unyevu wa Dar hapa unatusaidia, gundi hizi zinakauka kwa unyevu wa hewa, ila fuata muda wa kwenye tyubu.

Kitu kimoja: siku hiyo acha kioo cha mlango kimeshuka kidogo. Ukifunga mlango kwa nguvu gari ikiwa imefungwa kote, hewa inasukuma kioo kibichi kwenda nje, unaweka leo kesho unakuta kimeachia kwenye kona.

Dabo kebu kwa ufupi: toa kava la mlango (kama ni ya kuzungusha kwa mkono, kile kiklipi cha mkono wa kioo kinatoka kwa kupitisha kitambaa nyuma yake na kukisugua kulia kushoto, usikichokonoe na bisibisi kitaruka kipotee), shusha kioo kikubwa, fungua skrubu za ile reli inayogawa vioo, juu moja imejificha chini ya mpira na nyingine iko ndani ya mlango kwa chini. Laza reli kuelekea mbele, kioo kidogo kinatoka na mpira wake. Kurudisha ni hivyo hivyo kinyume.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu asante kwa somo. Fundi wangu kaweka silikoni ya kawaida ya dukani, anasema ni kitu kile kile. Ni kweli?

Jibu: Sio kile kile kaka. Kama ilikuwa na harufu kali kama siki wakati inapakwa, hiyo inakula chuma, kutu itaanzia hapo hapo. Pili silikoni ikishapita, gundi ya kweli na rangi havishiki juu yake, siku ya kurekebisha utatoa jasho kuifuta. Kwa kioo cha gundi iondoe yote mapema. Kwa cha mpira kisichovuja haihitajiki kabisa, mpira wenyewe ndo kizuizi.

Mdau wa Kigamboni: Mimi vibaka wamevunja wakachukua redio, nina bima kubwa. Nianze na fundi au bima?

Jibu: Pole sana dada. Anza na picha kabla hujafagia chochote, halafu polisi upate RB, halafu kampuni yako ya bima kabla ya kununua kitu. Soma mkataba wako kuhusu vioo, na uangalie kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe, maana wakati mwingine kinazidi bei ya kioo chenyewe na hapo ni heri ulipe ukaendelea na maisha. Wakati unasubiri ziba kwa nailoni nzito ukibandika kwenye bati kwa tepu ya karatasi, solotepu ya kahawia inaondoka na rangi.

Mzee wa Mbagala: Vijana, gari langu ni la zamani mno, kioo nimezunguka sijapata. Wananiambia nikate cha dirisha la nyumba.

Jibu: Shikamoo mzee. Cha nyumba hapana tafadhali, kikivunjika kinatoa mapanga na hapo anakaa mtu kichwa kiko sentimita chache. Kama chako kimenyooka hakijapinda, kata umbo lake kwenye boksi gumu, peleka kwa wakata vioo vya magari wakukatie kwenye kioo cha tabaka mbili, kile cha aina ya mbele, hicho kinakatika. Angalia tu unene uendane na mfereji wa mpira. Kama kimepinda, endelea kutafuta kwenye gari zilizokatwa, na kwa muda weka pespeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, ingawa itachunika.

Mdau wa Kimara: Nimebadili wiki iliyopita mpira mpya kabisa na bado zulia linaloa. Fundi anakataa, anasema kioo kiko sawa.

Jibu: Inawezekana fundi wako yuko sahihi mkuu. Kausha kila kitu, weka mtu ndani na magazeti makavu chini ya kioo na kwenye nguzo, wewe nje mwaga maji na chupa, ANZA CHINI ya kioo, dakika chache, kisha ubavuni, kisha juu, mwisho paa. Ukianza juu maji yanashuka kila mahali hutajua yaliingilia wapi. Usitumie presha. Kama gazeti linaloa pale tu unapofika juu ya kebu nyuma, kioo hakina kosa, angalia ile taa ya breki ya juu, sponji yake ikifa maji yanapita ndani ya ukuta yanatokea kwenye zulia.

Mdau wa Kimara: Duh, yangu taa hiyo ina maji ndani kabisa.

Jibu: Basi umepata mchawi wako. Fungua zile skrubu, badili sponji, rudia maji kabla hujarudisha zulia.

Mdau wa Mwenge: Namba ya gari nichonge kabla au baada ya kuweka? Na tinti?

Jibu: Vyote kabla, kikiwa mezani. Tinti iishie kabla ya sehemu ya gundi, gundi ishike kioo sio plastiki. Namba mwambie apige juu juu tu, asichimbe na akae mbali na ukingo, vioo hivi nguvu yake iko kwenye ngozi ya juu, akiikata ndani unanunua kingine palepale.