Jinsi ya kufuatilia klorofili (rangi ya kijani ya mimea) inavyobomolewa jani likizeeka

Hii ni kwa wanaofundisha baiolojia au wanaopenda tu kuchokonoa mimea. Tafuta miche miwili ya aina moja yenye majani laini (maharage yanafaa sana), foili, boksi lisilopitisha mwanga, spiriti isiyo na rangi, asidi kidogo na tochi ya UV.

Hatua 1. Kwenye mche wa kwanza chagua jani moja lililokomaa, sio kichipukizi, lifunge foili bila kulibana wala kulikata. Mche wa pili ufunike wote na boksi. Wengi huu wa pili wanauruka, na utamu wote uko hapo.

Hatua 2. Ngoja siku 4 mpaka 7 na usiwe unafungua fungua. Kwa kawaida jani lililofungwa peke yake utalikuta limepauka au limekuwa njano kabisa, ila mche uliokaa gizani wote majani yake yanakawia kubadilika, kwenye Arabidopsis (kimmea kidogo kinachotumika sana kwenye utafiti) hii imepimwa vizuri tu. Sasa giza si ni lilelile? Ndo ujue mmea unalinganisha: jani moja liko gizani wenzake wanapata mwanga, basi hilo halilipi tena, mali yake ihamishiwe kwingine. Wote wakiwa gizani hakuna wa kuhamishiwa. Ndo maana huwa sipendi jani la njano lielezwe kama mnyama aliyezeeka. Mwaka 1952 mwanabaiolojia Medawar alieleza, kuhusu uzee wa wanyama, kwamba uteuzi asilia unalegea umri ukisogea, hivo kasoro za uzeeni zinaachwa zijilimbikize. Kwa jani ni kinyume, kufa kwake kunapangwa, na uteuzi unapendelea kufa huko kwa sababu mbegu na majani machanga ndo yanafaidi.

Hatua 3. Kata vipande vya ukubwa sawa toka jani la foili na jani la kijani, kila kimoja kwenye chupa yake ya spiriti, afu simamisha chupa kwenye maji ya moto uliyoshatoa jikoni. Moto wenyewe uwe mbali kabisa, spiriti inashika fasta. Rangi ikishatoka zima taa umulike UV: ile ya kijani inawaka nyekundu! Hiyo ni nishati ambayo klorofili imeidaka na haina pa kuipeleka. Ndani ya jani hai nishati ya namna hiyo inaweza kuishia kwenye oksijeni, ikawa oksijeni kali inayochana utando wa seli. Kwa hiyo mmea hauwezi kuchomoa protini zinazoishika klorofili ukaiacha klorofili inazurura.

Hatua 4. Tia matone ya asidi kwenye chupa ya kijani, ukitumia siki uwe mvumilivu. Rangi inageuka kahawia ya zeituni kwa sababu magnesiamu ya katikati ya klorofili imetoka na umebaki na feofitini (klorofili isiyo na magnesiamu). Kwenye jani kazi hii inafanywa na kimeng'enya SGR, hilo lilionyeshwa 2016. Zile njegere za Mendel (1866) zinazokauka zikabaki kijani, mwaka 2007 iligundulika kasoro yao iko kwenye jeni ya SGR hiyohiyo, na majani yao nayo yanabaki kijani wakati usanisinuru umeshashuka, kwa hiyo usipime umri wa jani kwa macho tu. Baada ya magnesiamu kutoka unakatwa mkia wa klorofili, pete yake inapasuliwa, mabaki yasiyo na rangi yanatupwa kwenye vakuoli (kifuko cha kuhifadhia ndani ya seli) na naitrojeni zake 4 humohumo. Naitrojeni ambayo mmea unaifukuzia ni ya protini, na robo tatu hivi ya naitrojeni ya jani iko kwenye kloroplasti, vile vyumba vya usanisinuru ndani ya seli.

Chimbuko la SGR ndo linanifurahisha zaidi. Mwani Chlamydomonas una SGR lakini hautumii kubomolea klorofili, unatumia kutengeneza feofitini inayohitajika kuunda fotosistemu ya 2 (mojawapo ya mitambo ya kudaka mwanga kwenye usanisinuru). Mimi naisoma hivi: chombo kilikuwepo kwa kazi ya ujenzi kabla hata majani hayajakuwepo, mimea ya nchi kavu ikakipa kazi ya ubomoaji.

Hatua 5, kama una kinetini (homoni ya mimea inayochelewesha kuzeeka). Kata majani mawili, yaweke gizani juu ya karatasi mbichi, moja lipake kinetini na jingine maji matupu. La kinetini litachelewa kuwa njano, kitu kilichoripotiwa tangu 1957. Ukipaka nusu tu ya jani, linganisha nusu kwa nusu kwenye spiriti kama hatua ya 3.