Geuza ramani kabla hujachimba msingi

Wateja wengi wanaonifuata hapa Mafinga huja na picha kwenye simu: nyumba ya Norway, theluji hadi dirishani, ukuta mzima wa kioo ukitazama ziwa. Inapendeza. Ila ukitaka kuijenga kando ya ziwa letu la Ngwazi, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwanza igeuze. Kule jua la majira ya baridi hupita kusini, ndiyo maana vioo vyao huelekea kusini. Sisi tuko ng'ambo ya pili ya ikweta: Juni na Julai, baridi inapouma, jua la mchana hupita kaskazini. Kioo kikubwa kiweke huko. Desemba jua likihamia kusini, kioo hicho hicho hakikuchomi.

Na ziwa likiwa kusini mwa kiwanja? Hapo ndipo tunapobishana. Mimi nachora dirisha moja pana, la vioo viwili vyenye nafasi katikati, basi. Upepo wa Juni na Julai hutoka kusini-mashariki na ukungu na manyunyu yake. Asubuhi nyingi ziwa lenyewe hulioni.

Usisogee majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Tena hewa baridi ni nzito, usiku huteremka bondeni, na jalidi hutua huko kwanza. Panda mteremko kidogo.

Kuta za nje ni tofali za kuchoma, za kulaza, ukuta uwe mnene; kusimamisha kuachie kuta za ndani.

Paa lenye mwinuko mkali ni la kumwaga theluji, nasi hatuna. Shida yetu ni bati kutoa jasho alfajiri na kulowesha dari. Tandaza nailoni chini ya bati, acha matundu yenye wavu kwenye upenu, kisha piga dari ya mbao za paini zilizokauka sawasawa. Mbichi, hata zikitoka shamba la miti la Sao Hill, zitasinyaa na kuacha mianya.

Meko ijengwe ukuta wa ndani, joto lisipotelee nje, na dohani ipite kilele cha paa. Jiko la mkaa chumbani marufuku: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo inayoua haraka. Kwa hiyo fundi akishaziba kila upenyo, mwambie atoboe tundu moja karibu na meko, la kuingiza hewa.