Kupinga matokeo ya kiti cha wadi Lamu: kuanzia Fomu 36A hadi rufaa

Mgombea akishindwa kwa kura chache, siku za kwanza huishia kwenye mabaraza na simu za kulalamika. Siku hizo ndizo zenye thamani kuliko zote. Kifungu cha 87 cha Katiba ya Kenya kinatoa siku 28 za kuwasilisha kesi, na hakuna hakimu anayeweza kuongeza hata moja. Maelezo haya ni ya kiti cha mwakilishi wa wadi. Ni yale yale kwa Faza, Kiunga, Mkomani au Witu, na hata kwa jirani zetu wa Malindi.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Saa huanza pale msimamizi wa uchaguzi anapotangaza mshindi na kumpa cheti, si pale jina linapotoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2014 katika kesi ya ugavana wa Mombasa kati ya Hassan Joho na Suleiman Shahbal, na kesi ya Shahbal ikaanguka kwa kuchelewa. Matokeo yakitangazwa tarehe 12 Agosti, siku ya mwisho ni tarehe 9 Septemba. Jipangie kumaliza wiki moja kabla, na usiweke matumaini yako kwenye siku ya 28.

Hatua ya 2: Kusanya Fomu 36A

Hapa ndipo kesi nyingi hufa. Kila kituo cha kupigia kura hujaza Fomu 36A, kisha zote hujumlishwa kwenye Fomu 36B ya wadi. Mawakala wa wagombea hupewa nakala, na nyingine hubandikwa mlangoni mwa kituo. Usingoje karatasi zije zenyewe hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Agosti bado ni kusi, na bahari ikichafuka nakala ya Kiunga inaweza kukwama huko siku kadhaa. Wakala aipige picha papo hapo, fomu nzima, pembe zote nne zionekane, sahihi na maandishi ya pembeni yasomeke. Picha ibaki kwenye simu ileile iliyoipiga.

Sababu ni Sheria ya Ushahidi, Kifungu cha 106B. Picha au video haipokelewi bila hati ya uthibitisho inayoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Picha iliyorushwa kwenye makundi kumi ya WhatsApp, na hakuna ajuaye nani aliipiga, haina msaada mahakamani.

Ukishazipata, chukua kalamu na upitie fomu moja moja:

- Jumlisha kura za wagombea wote. Je, zinalingana na jumla ya kura halali iliyoandikwa?
- Kura halali na zilizokataliwa zikijumlishwa, zimezidi wapiga kura waliosajiliwa? Kwa sheria kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700.
- Kuna tarakimu iliyokatwa na kuandikwa upya bila sahihi pembeni?
- Tarakimu ya 36A ndiyo iliyoingia kwenye 36B?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu karatasi mbili zinazopingana ni ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mtu. Wakala kutotia sahihi, kwa upande mwingine, hakufuti matokeo ya kituo.

Hatua ya 3: Pima kama kesi ipo

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema uchaguzi haufutwi kwa kasoro ikiwa kwa jumla ulifuata misingi ya sheria na kasoro hizo hazikuathiri matokeo. Umeshindwa kwa kura 400, na makosa uliyoyapata yanagusa kura 35? Usifungue kesi. Ni afadhali kusikia hivi sasa kuliko kuambiwa ulipe gharama za mawakili wa upande wa pili.

Hatua ya 4: Andika malalamiko

Malalamiko ndiyo hati ya kufungulia kesi. Taja tarehe ya uchaguzi, matokeo yenyewe kwa tarakimu, tarehe yalipotangazwa, sababu zako, na unachoomba mahakama ifanye. Washtakiwa ni mshindi, Tume ya Uchaguzi na msimamizi wa uchaguzi. Andika eneobunge kando ya jina la wadi: Shella ipo Lamu Magharibi na nyingine ipo Malindi.

Taja vituo kwa majina. “Vituo vingi vilikuwa na udanganyifu” ni sentensi isiyo na kazi. Hati za viapo za mashahidi huwasilishwa pamoja na malalamiko, kwa hiyo shahidi ambaye ni mvuvi aapishwe kabla hajaenda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani.

Hatua ya 5: Wasilisha, weka amana, kabidhi

Kesi ya wadi husikizwa na hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kupitia Gazeti Rasmi. Ya ubunge na ugavana huenda Mahakama Kuu. Lipa ada siku ileile. Ndani ya siku 10 weka amana ya Sh100,000, yaani dhamana ya gharama za kesi, la sivyo mshtakiwa ataomba kesi ifutwe.

Washtakiwa wote wakabidhiwe nakala ndani ya siku 15. Mshindi akijificha, Katiba inaruhusu tangazo katika gazeti linalosambazwa nchi nzima. Anayekabidhi aape hati inayosema wapi, lini na kwa nani.

Hatua ya 6: Omba masanduku mapema

Ombi la kuhesabu kura upya lisiachwe hadi mashahidi wamalize. Litaje ndani ya malalamiko na ulirudie katika kikao cha maandalizi, kwa vituo ulivyovitaja tu. Mahakama haifungui masanduku ya wadi nzima kumsaidia mtu kutafuta kosa. Hukumu hutolewa ndani ya miezi 6 tangu kesi iwasilishwe.

Rufaa

Usiporidhika, una siku 30 kwenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu. Ukweli kuhusu nani alisema nini kituoni haurudiwi. Mahakama Kuu nayo ina miezi 6, na kwa kiti cha wadi hakuna rufaa nyingine hadi Mahakama ya Rufaa. Siku ya hukumu, kabla ya kuondoka mahakamani, omba kwa barua nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri.