Kutibu Madoa Meusi ya Jua Usoni kwa Mkazi wa Arusha

Baridi ya Arusha huwadanganya wengi. Mtu atokaye nyumbani mwezi wa Julai akiwa amevaa sweta na kujitanda shuka hafikirii kwamba jua laweza kumdhuru, ilhali mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta, na mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo huichochea ngozi itengeneze rangi kupita kiasi, huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda juu na hupenya hata mawingu. Mtazame mchuuzi wa nyanya kando ya Soko la Kilombero anayeketi mahali pale pale kila siku: si ajabu kukuta shavu linaloelekea jua limeiva zaidi kuliko la pili.

Kwa sababu hiyo, matibabu huanza na kinga, na anayepaka dawa usiku kisha akashinda juani mchana anateka maji kwa pakacha. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Katika saa hizo tafuta kivuli, au vaa kofia yenye ukingo mpana, maana kapelo hukinga paji la uso tu na kuyaacha mashavu wazi. Nunua losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, inayozuia UVA pamoja na UVB, yaani aina zote mbili za mionzi ya urujuanimno inayotufikia. Kipimo kinachotosha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada na cha kati, toka shinani hadi nchani. Wengi hupaka robo ya hapo, wakalaumu losheni. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Kwa ngozi nyeusi ningeshauri losheni yenye rangi ya kahawia iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa nayo huzuia sehemu ya mwanga wa kawaida unaozidisha madoa, na tena haikuachi na weupe kama wa unga wa sembe.

Kinga ikishakuwa mazoea, ndipo dawa ifuate. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, niasinamidi na vitamini C zimezoeleka kwa kazi hii. Anza na moja tu, ukiijaribu kwanza chini ya taya kwa siku chache, kwani ngozi nyeusi ikiwashwa na kuvimba huacha doa jingine. Usijisugue kwa dodoki. Dawa za jamii ya tretinoini, yaani zitokanazo na vitamini A, zinahitaji ushauri wa daktari, na mjamzito asizitumie kabisa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12, kwa hiyo jipige picha mara moja kwa mwezi kwenye dirisha lile lile, kwani kioo cha kila siku hakionyeshi tofauti.

Jiepushe na mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, hata ukiuzwa na mtu unayemwamini. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe). Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na kwa sababu za msingi: zebaki huharibu figo, steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta weusi wa kibluu ulio mgumu kuliko doa la awali. Limau nalo si dawa. Maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi, nami niliyajaribu ujanani nikapata alama iliyokaa miezi kadhaa.

Doa linalokua haraka, lenye kingo zisizo sawa, linalotoka damu, au kidonda kisichopona, lisipakwe chochote kabla ya kuonwa na daktari wa ngozi. Mtu mwenye ualbino asisubiri dalili hizo, bali akaguliwe ngozi mara kwa mara. Mabaka yanayotanda mashavuni wakati wa ujauzito nayo yana matibabu yake. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na kutoka Arusha ni safari ya basi ya kwenda na kurudi siku moja. Uendapo, beba makopo yote unayopaka, hata yasiyo na lebo.