Kujenga kichwa kidogo cha treni ya mvuke katika karakana ya nyumbani

Kichwa cha treni kinachozungumziwa hapa si pambo la kabatini. Ni injini kamili inayochoma makaa, inayochemsha maji yake yenyewe na kuvuta watu wazima juu ya reli ambazo upana wake haufiki shubiri moja. Ufundi huu umekomaa zaidi Uingereza, ambako chama cha wahandisi wa mifano kiliundwa London mwaka 1898, na ndiyo sababu vipimo vyake vingi bado vinatajwa kwa inchi. Upana wa reli unaotumika sana ni inchi 3½ (milimita 89), inchi 5 (milimita 127) na inchi 7¼ (milimita 184). Anayeanza akiwa na karakana ndogo namshauri achague inchi 3½, achague injini ya magurudumu manne yenye silinda mbili zilizo nje ya fremu, na anunue michoro iliyokwisha kujengwa na wengine badala ya kubuni ya kwake. Wengi huanzia kwenye muundo uitwao Tich kwa kuwa vipande vyake ni vichache. Hata hivyo, injini ikiwa ndogo sana moto wake nao huwa mgumu kutunza, na ukipata mchoro wenye boila kubwa kidogo utasumbuka zaidi karakanani na kupumua zaidi siku ya kuendesha.

Uwiano wa mfano hutegemea reli ya injini unayoiiga. Reli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, hivyo kwa inchi 3½ mfano huwa takribani sehemu moja ya kumi na sita. Injini za Afrika Mashariki zilitembea juu ya reli ya mita moja, na kwa upana huohuo wa mfano uwiano huwa kama moja kwa kumi na moja na robo, yaani injini ya kwetu hutoka kubwa na nzito zaidi juu ya reli ileile. Anayetamani kuiga Garratt ya daraja la 59, injini ndefu yenye seti mbili za magurudumu na boila katikati yake, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, na ambayo mojawapo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, ajue kwamba mfano wake utakuwa na urefu wa karibu mita 2.8 na uzito unaokaribia kilo 180. Hiyo si kazi ya kwanza ya mtu yeyote.

Jambo moja lieleweke kabla ya kukata chuma. Vipimo vya urefu vikipunguzwa mara 16, eneo la bati hupungua mara 256, lakini ujazo wa maji hupungua mara 4,096. Kwa hiyo boila dogo hupoteza joto upesi kuliko kubwa, na maji yake hushuka mbele ya macho yako. Ndiyo maana mjenzi mwenye busara huiga umbo la nje kwa uaminifu, lakini ndani hufuata hesabu za injini ndogo: mabomba ya moto, yanayopitisha hewa moto katikati ya maji ya boila, huwa machache na mapana kuliko uwiano unavyodai. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kugawanya urefu wa bomba kwa kipenyo chake cha ndani kilichozidishwa chenyewe, vyote kwa inchi, na jibu liangukie kati ya 50 na 70. Bomba la inchi 10 lenye kipenyo cha inchi 7/16, kwa mfano, hutoa 52, na hilo linafaa.

Vifaa vya lazima ni mashine ya kukerezea inayoweza kushika gurudumu kubwa kabisa lililomo kwenye mchoro, mashine ya kutobolea yenye meza, jiliwa imara, tupa za kila aina, vifaa vya kukatia hesi na kipimo cha kaliba. Mashine ya kuchongea chuma ni raha, lakini kazi nyingi ambazo wenye nayo huipa zinaweza kufanywa kwa tupa na subira. Magurudumu na silinda hununuliwa yakiwa yamesubiwa tayari kutoka kwa wauzaji wa michoro, kisha yakakerezwa. Fundi wa kusubu wa mtaani anaweza kukutengenezea magurudumu ya chuma ukimpelekea mfano wa mbao, ila chuma chake mara nyingi huwa na vijiwe vigumu vinavyomaliza makali ya kisu, kwa hiyo omba vipande vya ziada.

Anza na fremu. Kata mabati mawili ya chuma yenye unene wa milimita 3, yafunge pamoja kwa ribiti za muda, kisha yachonge na kuyatoboa yakiwa kitu kimoja, ili tundu la kushoto na la kulia vitazamane bila kubishana. Yakitenganishwa na kuunganishwa kwa mihimili ya mbele na nyuma, laza fremu juu ya kioo kinene na uibonyeze kila pembe. Ikicheza, ilegeze na kuifunga upya hadi itulie, kwa sababu fremu iliyopinda itakusumbua katika kila hatua inayofuata.

Magurudumu hukerezwa yote kwa mpangilio mmoja wa mashine, ili vipenyo vyake vilingane. Hatua inayowashinda wengi ni kuyafunga kwenye ekseli. Pini ya gurudumu la kulia, ile inayoshika fimbo ya kulizungusha, lazima itofautiane na ya kushoto kwa nyuzi 90, ili silinda moja inapofika mwisho wa mwendo wake na kukosa nguvu ya kusukuma, nyingine iwe katikati ya kazi. Tengeneza kishikio kimoja chenye ncha mbili za kubeba ekseli na vizuizi viwili vya kuegemezea pini, paka gundi ya kushikiza chuma, ingiza magurudumu na uyaache humo hadi gundi ikauke kabisa. Kosa la nyuzi moja, ukapata 89 au 91, halina madhara makubwa mradi ekseli zote zina kosa hilohilo. Ekseli moja ikiwa na 90 na nyingine 91, zile fimbo zinazounganisha magurudumu zitabana mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo tumia kishikio kilekile kwa zote, wala usiguse vizuizi vyake katikati ya kazi.

Silinda zitobolewe na kulainishwa kwenye mashine ya kukerezea, na uso ambao valvu, kipande kinachofungua na kufunga njia za mvuke, itateleza juu yake usuguliwe juu ya kioo chenye karatasi ya msasa laini hadi alama zote za kisu zipotee. Upangaji wa valvu ndio unaoamua kama injini itakimbia au itachechemea, nao unahitaji utulivu zaidi ya nguvu. Ondoa kifuniko cha sanduku la mvuke ili uyaone matundu ya kuingizia mvuke kwenye silinda. Zungusha magurudumu polepole kwa mkono kuelekea mbele hadi pistoni ifike mwisho wa mbele, halafu tazama ukingo wa valvu: tundu la mbele linapaswa kuwa limeanza tu kufunguka, mfano wa mstari mwembamba mweusi. Endelea hadi pistoni ifike mwisho wa nyuma, ukatazame tundu la nyuma. Mstari wa upande mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili, sogeza valvu kwenye fimbo yake kwa nusu ya tofauti, kisha rudia. Ikiwa mistari inalingana lakini yote miwili imechelewa kuonekana, tatizo haliko kwenye fimbo bali kwenye ekisentriki, lile gurudumu dogo lenye kitovu cha pembeni linaloisukuma valvu, nalo ndilo la kuzungushwa mbele kidogo juu ya ekseli. Rudia zoezi lote ukizungusha magurudumu kinyumenyume, kwani injini itatakiwa kurudi nyuma vilevile.

Hapo injini huendeshwa kwa hewa kabla boila halijaanza hata kukatwa. Inyanyue ili magurudumu yaelee, tia mafuta, unganisha mpira wa kompresa na ufungue hewa taratibu. Injini iliyopangwa vizuri huzunguka kwa shinikizo lisilofika bar 1, na mapigo yake manne katika kila mzunguko husikika yakiwa na nafasi sawa. Ikihitaji shinikizo kubwa ili ianze kwenda, kuna kitu kinachobana, nacho kitafutwe sasa.

Sasa tuje kwenye boila, mahali ambapo ubunifu hauruhusiwi. Shaba nyekundu ndiyo inayotumika, tena inunuliwe mpya kwa muuzaji anayeweza kutaja aina yake, wala isiwe ya kuokota kwenye chuma chakavu. Brasi isitumike popote inapogusana na maji ya boila, kwa sababu zinki iliyomo huliwa polepole na kuacha kitu laini kinachovunjika bila dalili. Bushi za kufungia valvu zitengenezwe kwa bronzi.

Hesabu ya unene si ngumu. Chukua mwili wa boila wenye kipenyo cha milimita 100, bati la milimita 2.5, na shinikizo la kazi la bar 5.5, sawa na newtoni 0.55 kwa kila milimita ya mraba. Zidisha 0.55 kwa 100, kisha ugawanye kwa mara mbili ya unene, nawe utapata mkazo wa newtoni 11. Shaba iliyolainishwa kwa moto huhimili takribani newtoni 200 kabla ya kukatika, na wasanifu huigawa kwa 8, hivyo mwili wa duara uko salama. Hatari iko kwenye kuta bapa za sanduku la moto, ambazo shinikizo hutaka kuzivimbisha. Ndiyo sababu hushikwa kwa stei, vipande vifupi vya shaba vinavyounganisha ukuta wa ndani na wa nje, na idadi pamoja na nafasi zake zimehesabiwa na msanifu. Usipunguze hata moja.

Bati hukunjwa kingo juu ya kalibu ya chuma au mbao ngumu kwa nyundo ya mbao. Lipashe moto hadi liwe jekundu hafifu, lizimishe kwenye maji, kisha ligonge. Pindi linapoanza kuitikia nyundo kwa mlio wa ukali, lirudishe motoni, la sivyo litapasuka kwenye kona. Kuunganisha hufanywa kwa lehemu ya fedha, ile yenye fedha ya kama asilimia 55 ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 630 na 660 za Selsiasi. Fimbo zinazotumiwa na mafundi wa friji zina fosforasi, nazo haziifai kazi hii, kwa kuwa salfa iliyomo katika moshi wa makaa ya mawe huzitafuna. Epuka pia fimbo za zamani zenye kadimiamu, ambazo moshi wake ni sumu. Boila lizungushiwe matofali ya moto na kupashwa kwa bana kubwa la gesi, na joto lifike kwenye shaba yote iliyo karibu na kiungo, kwani lehemu hufuata joto na hukataa kwenda kulikopoa. Kila baada ya hatua, acha kazi ipoe kisha uioshe kwenye maji yenye asidi ya limau ili kuondoa mabaki ya dawa ya kulehemia. Wanaotumia asidi ya betri waimimine kidogokidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Asiyejiamini kwa moto anunue boila lililotengenezwa na fundi mwenye cheti. Gharama yake ni kubwa, lakini simlaumu hata kidogo.

Boila likikamilika, lijazwe maji mpaka hewa yote itoke, liunganishwe na pampu ya mkono na geji iliyohakikiwa, kisha shinikizo lipandishwe polepole hadi mara mbili ya lile la kazi, yaani bar 11 kwa boila la bar 5.5. Maji hayabanwi, hivyo kiungo kikishindwa shinikizo hushuka mara moja na unachopata ni tone. Hewa ikitumika badala yake, kiungo hichohicho kinaweza kurusha vipande, na kwa hiyo boila halipimwi kwa hewa kamwe. Tazama kuta bapa kwa rula: zikivimba na kubaki zimevimba, boila hilo halifai. Palipo na chama cha wajenzi, kipimo hiki hushuhudiwa na mkaguzi wake; pasipo na chama, mtafute mkaguzi wa boila za viwandani.

Kwa moto wa kwanza, hakikisha maji yako juu ya nusu ya kioo cha kuonesha kimo cha maji ya boila, weka feni ndogo juu ya bomba la moshi ili ivute hewa, na uwashe makaa ya kuni yaliyolowekwa mafuta ya taa kabla ya kuongeza makaa ya mawe. Geji ikionesha bar 2 hivi, feni iondolewe na mvuke wenyewe uivute hewa. Acha shinikizo lipande hadi valvu ya usalama ifunguke, kisha chochea moto kwa nguvu huku injini imesimama: valvu hiyo peke yake inapaswa kulizuia shinikizo lisizidi lile la kazi kwa zaidi ya asilimia 10. Ikishindwa, injini haitembei siku hiyo. Ikifaulu, fungua matundu ya kutolea maji ya silinda, kwa kuwa maji yaliyonaswa mbele ya pistoni yanaweza kung'oa kifuniko, na ufungue mvuke kidogo tu.

Jicho moja liwe kwenye kioo cha maji wakati wote. Maji yakitoweka kwenye kioo, usiyaongeze kwa pupa juu ya shaba iliyokwisha kuungua; angusha moto wote chini kwanza. Kazi ikiisha, toa majivu, mwaga maji boila likiwa bado na joto, futa masizi ndani ya mabomba, tia mafuta mazito ya silinda na uzungushe magurudumu mara kadhaa ili yaenee.