Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kutazama Mechi Allen Fieldhouse

Anayekusudia kuitazama timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas ikicheza nyumbani, katika mji wa Lawrence, Marekani, ahakikishe tiketi kabla ya kulipa nauli. Ukumbi wa Allen Fieldhouse huchukua watu zaidi ya 15,000, na kwa miaka mingi umekuwa ukijaa mechi baada ya mechi. Zile za Novemba dhidi ya vyuo vidogo ndizo zenye unafuu; kuanzia Januari, wapinzani wa ligi ya Big 12 wanapoanza kuja, na hasa siku ya majirani zao wa Kansas State, bei hupanda sana. Wakati huo nje kuna theluji na ndani kuna joto la umati uliobanana, kwa hiyo vaa nguo juu ya nguo ili uweze kupunguza. Rangi ya mwenyeji ni buluu; zambarau ni ya Kansas State, na mgeni asiye na upande afadhali aiache nyumbani. Soma pia kanuni za mikoba kabla ya kutoka, maana foleni ya mlangoni si mahali pa kuanza kutafuta pa kuhifadhi begi.

Ukienda na mtoto, mchukulie vizuia sauti vya masikioni. Tarehe 13 Februari 2017, siku ya mechi na West Virginia, kelele za ukumbi huo zilipimwa zikafika desibeli 130.4, kiwango kinachoweza kuumiza masikio ya mtu mzima, sembuse ya mtoto.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuwahi, tena kwa saa kadhaa. Pembeni mwa ukumbi lipo jengo la DeBruce Center, zinakohifadhiwa karatasi mbili zenye kanuni 13 za mchezo huu ambazo James Naismith aliziandaa mwaka 1891, alipoubuni huko Springfield, Massachusetts. Hakuna shabiki wa kikapu, awe wa Upanga au wa Nairobi, asiyecheza chini ya kivuli cha karatasi hizo, nami naona ni hasara kubwa kufika hapo na kuzipita. Angalia saa za kufunguliwa, kwa kuwa mechi nyingi huchezwa usiku. Naismith alihamia Lawrence mwaka 1898 akawa kocha wa kwanza wa Kansas, na ajabu ni kwamba yeye, mwanzilishi mwenyewe, ndiye kocha pekee wa timu hiyo aliyemaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi: alishinda 55, akapoteza 60. Mwanafunzi wake Forrest Allen, aliyeitwa Phog, ndiye aliyeijenga timu ikawa tishio, na ukumbi uliofunguliwa tarehe 1 Machi 1955 ulipewa jina lake akiwa bado kocha.

Uwe umeketi kabla ya wachezaji kutambulishwa. Timu ngeni inapotajwa, wanafunzi hujifunika nyuso kwa magazeti kana kwamba hawaoni kitu; zamu ya wenyeji ikifika, karatasi zilizochanwa vipande hurushwa juu kwa shangwe. Wengi wa wanafunzi hao huwa wamepanga zamu kwa siku kadhaa, kikundi kwa kikundi, ili wapate viti vya mbele, kwa hiyo usijaribu kujipenyeza sehemu yao.

Aliyezoea robo nne ajue kwamba timu za wanaume za vyuo hucheza vipindi viwili vya dakika 20. Usikimbilie gari dakika za mwisho. Ushindi ukishakuwa dhahiri, ukumbi mzima huanza kuimba wito wa timu, “Rock Chalk, Jayhawk, KU” (Jayhawk ni jina la utani la timu, KU ni kifupi cha chuo), polepole sana, sauti ikivutwa kama wimbo wa ibada, na msongamano wa magari huko nje utakusubiri.